Mtoto anataka kujifunza kungfu? Mzazi, anza na haya

LIKIZO ikifika, watoto wa Pongwe, kama wenzao wa Tanga mjini, hutoka kwenye vibanda vya video wakirusha mateke. Haipiti wiki, mmoja anakuja na ombi: "Mama, nataka kujifunza kungfu." Wazazi wengine hukataa papo hapo kwa kuogopa ugomvi. Wengine hukubali bila kuuliza lolote. Wote wameruka hatua moja.

Kwa Kichina, kungfu ni ustadi unaopatikana kwa juhudi ya muda mrefu. Hata mpishi hodari husemwa ana kungfu. Ndiyo maana mwanafunzi haanzi kwa kuruka bali kwa kusimama: miguu imetanuliwa, magoti yamekunjwa kama aliyepanda farasi, mgongo umenyooka, mpaka mapaja yawake moto.

Hizo "nguvu za ndani"

Wachina huziita chi, yaani pumzi au nguvu ya uhai. Mazoezi yake, kama tai chi, ni kuvuta pumzi taratibu hadi tumboni huku mwili ukienda polepole na akili ikitulia. Faida ipo: tafiti zimeonyesha kuwa tai chi huwasaidia wazee wasianguke ovyo. Hata bibi anaweza kushiriki.

Lakini pumzi haizuii panga wala risasi. Mwaka 1900, wapiganaji wa China walioitwa Mabondia waliamini mazoezi na matambiko yao yangewakinga na risasi za majeshi ya kigeni, Wajerumani wakiwamo. Miaka 5 baadaye, babu zetu wa kusini waliwakabili Wajerumani hao hao wakitegemea maji ya Kinjekitile. Kote kuwili risasi zilipenya. Mwalimu anayemwahidi mwanao mwili usiopenyeka, au anayedai pesa za ziada ili atoe "siri", achana naye mapema.

Kabla ya kulipa ada

- Nenda ukaangalie mazoezi mwenyewe, zaidi ya siku moja. Mwalimu asiyetaka wazazi waingie, usimwachie mtoto.
- Muulize alifundishwa na nani, na mtoto akiumia atafanya nini.
- Kuvunja matofali si kazi ya mtoto. Mifupa yake bado inakua.
- Mwenye pumu au selimundu aonane na daktari kwanza. Asilazimishwe kubana pumzi, na maji ya kunywa yasikosekane.
- Angalia tabia nyumbani. Akianza kuwapiga wadogo zake, mazoezi yasimame.

Kuna jaribio lisilo na gharama. Mwambie asimame ule mkao wa farasi uani kila asubuhi kabla ya shule, dakika chache tu, bila kurusha teke hata moja. Mwezi ukiisha na bado anataka kujifunza, mtafutie mwalimu.