Viza ya shamba Marekani: kafili ni nani, na nani analipa

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, aliyeko Unguja, alinitumia ujumbe wa sauti: "Mjomba, nimepata kazi ya kuchuma matunda Marekani. Wakala anataka dola elfu tatu tu, viza iko tayari." Akanirushia na karatasi yenye miji mitatu ya kuchagua: Louisville, Columbus na Buffalo.

Miji hiyo haikutajwa ovyo. Ndiko waliko watu. Columbus ina Wasomali wengi, na miongoni mwao wamo Wabarawa wenye Chimini chao. Louisville na Buffalo utakuta Wakongomani na Warundi wakisalimiana kwa Kiswahili. Ukisikia majina hayo unamkumbuka jamaa fulani, moyo unatulia. Lakini wengi wa hao waliingia kama wakimbizi, na mkimbizi aliyepokewa rasmi Marekani ana ruhusa ya kufanya kazi kwa mwajiri yeyote. Shirika la Journey's End lina shamba la wakimbizi Buffalo, na Catholic Charities ya Louisville ina mpango wake wa bustani. Wanaolima humo hawakwenda kwa viza ya shamba. Kwa hiyo picha ya jamaa yako ameshika kapu la tufaha si dalili kwamba na wewe njia hiyo iko wazi.

Njia ya mgeni wa msimu inaitwa H-2A. Ilitengwa na sheria ya uhamiaji ya 1986. Haina kikomo cha idadi, na siku hizi hutolewa zaidi ya viza 300,000 kwa mwaka, nyingi mno zikienda kwa watu wa Meksiko. Zamani palikuwa na orodha ya nchi zinazoruhusiwa. Orodha hiyo ilifutwa tarehe 17 Januari 2025. Nadhani hapo ndipo baadhi ya mawakala walipopata la kusema.

Sisi wa Ghuba tunaijua habari ya kafili, basi tuanzie hapo. H-2A nayo ina kafili: mwenye shamba. Yeye ndiye huanza, si mfanyakazi. Kwanza anathibitisha mbele ya Wizara ya Kazi kwamba ametafuta Wamarekani na hawatoshi, na kwamba kazi ni ya msimu. Tena anapeleka ombi Idara ya Uraia na Uhamiaji. Likikubaliwa ndipo mfanyakazi anakwenda ubalozini kuomba viza. Ubalozi unaweza bado kukataa. Sasa "viza iko tayari" kwa mtu ambaye hajatia mguu ubalozini inatoka wapi? Na ndugu yako wa Columbus mwenye teksi hawezi kukufungulia H-2A, hata akupende vipi, kwa sababu hana shamba.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata wenyeji. Kuotesha miche kwenye kitalu au banda la vioo ni kilimo, hiyo ni H-2A. Kuichukua miche ileile ukaipanda kwenye uwanja wa nyumba ya mtu ni kazi ya kutengeneza bustani, nayo ni H-2B, ambayo ina kikomo cha 66,000 kwa mwaka, nusu kila miezi sita, ingawa serikali huongeza baadhi ya miaka. Wachunga farasi wa viwanja vya mashindano, kama vile vya Kentucky, nao huingia kwa H-2B. Karatasi ya wakala ilisema "bustani na matunda" bila kutaja ni viza ipi. Hilo peke yake lilinitia shaka.

Tuje kwenye pesa. Kwa H-2A, mfanyakazi hatakiwi kutozwa ada ya kutafutiwa kazi, si na mwenye shamba wala wakala wake. Na si suala la uonevu tu: ikigundulika ada imetozwa, ombi lenyewe linaweza kukataliwa au kufutwa. Makazi ni juu ya mwajiri, bila kodi. Nauli ya kwenda, kama hakuilipa mapema, lazima airudishe mfanyakazi akimaliza nusu ya mkataba. Ya kurudi nyumbani hulipwa mkataba ukiisha. Tena mwajiri anawajibika kumpa angalau robo tatu ya saa alizoahidi, au azilipe. Mkataba huandikwa kwa lugha anayoielewa mfanyakazi.

Mtu anaweza kukaa kwa H-2A hadi miaka mitatu kwa kuongeza muda, kisha lazima atoke. Mke na watoto wanaweza kufuatana naye, lakini hawaruhusiwi kufanya kazi.

Kazi hizi si siri. Wizara ya Kazi huziweka zote kwenye tovuti yake ya seasonaljobs.dol.gov: jina la shamba, kaunti, mshahara, tarehe ya kuanza na kumaliza, na namba ya kesi inayoanza na H-300.

Nilimwambia mpwa wangu amwombe wakala vitu viwili: jina la shamba na namba hiyo. Wakala akajibu kwamba namba hutolewa baada ya kulipa nusu. Kijana alikaa kimya siku mbili, maana alishauza pikipiki yake kwa ajili ya safari. Juzi kanipigia, anaulizia bei ya pikipiki nyingine.