Sura ya 6: Ngano ya Njoro, Sukari na Akili

Posa ikishaletwa, wazee hawana haraka ya kujibu. Kwanza hutumwa mtu mwenye busara akachunguze upande wa pili kimyakimya: ni wachapa kazi? Ni walevi? Kwao kuna wazimu? Swali hilo la mwisho huulizwa Njoro, Kenya, kama linavyoulizwa Molo, Elburgon na Mau Narok, na jibu lake limevunja ndoa nyingi kabla hazijaanza. Lakini hakuna mjumbe anayerudi na kusema, "Nimeuliza pia kuhusu sukari." Kisukari huhesabiwa kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja, wazimu huhesabiwa kuwa doa la ukoo mzima.

Daktari mmoja wa Uingereza, Henry Maudsley, aliona mambo tofauti. Mwaka 1879 aliandika kwamba kisukari hujitokeza mara nyingi katika familia zilezile zenye wazimu. Wakati huo insulini ilikuwa bado miaka zaidi ya 40 igunduliwe, na neno skizofrenia, jina la leo la aina moja ya wazimu huo, halikuwa limebuniwa. Maudsley alitegemea macho yake tu, na takwimu za leo zinamuunga mkono: mtu mwenye skizofrenia ana uwezekano mara mbili hadi tatu zaidi wa kupata kisukari cha aina ya pili kuliko mtu asiye nayo.

Je, maradhi haya mawili yanatoka kwenye jeni zilezile? Kabla ya kujibu, tupite kwanza kwenye shamba la ngano.

Kipande cha ugenini

Mwanzoni mwa karne ya 20, mlowezi Lord Delamere alipanda ngano maeneo ya Njoro na ugonjwa wa kutu ukaifagia. Ikambidi aajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu. Kazi hiyo haijakoma: kituo cha utafiti wa ngano cha Njoro, ambacho leo kiko chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kimesimama kwenye mwinuko wa karibu mita 2,200, katika baridi na umande ambao kutu huupenda kuliko kitu kingine.

Ukiingia kwenye vitalu vya majaribio msimu wa ugonjwa, utaona vijistari vifupi vya ngano vimepangwa bega kwa bega, kila kimoja na kibandiko chake. Pitisha kidole kwenye shina lililoshikwa, nacho kitatoka chekundu kama umesugua tofali. Huo ni unga wa mbegu za kuvu, na suruali ya anayekagua hurudi nyumbani na rangi hiyohiyo.

Kwa miongo kadhaa, ngano nyingi duniani ililindwa na jeni moja iitwayo Sr31. Haikuwa ya ngano kwa asili. Wazalishaji wa mbegu walikuwa wamechukua kipande cha kromosomu ya rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo binamu wa ngano, wakakiunganisha na kromosomu ya ngano. Kipande hicho hakikuja na Sr31 peke yake. Kilibeba pia jeni za kupambana na kutu ya majani, kutu ya manjano na ukungu mweupe, na mavuno yakapanda. Lakini kilibeba na kasoro: unga wa ngano hizo ukikandwa hunata mikononi, na mkate hauumuki vizuri. Mwokaji alikuwa analipia ulinzi wa shamba.

Kisha mwaka 1998 kutu mpya ikaonekana Uganda, ikapewa jina Ug99 mwaka uliofuata. Iliipita Sr31 kama mwizi mwenye ufunguo. Tangu 2005, maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi huletwa Njoro kupimwa dhidi yake.

Mazalisho ya mbegu yanafunza jambo ambalo tutalihitaji hadi mwisho wa sura hii. Sifa mbili zikiandamana, sababu zinaweza kuwa tatu. Huenda jeni moja inafanya kazi mbili. Huenda ni jeni mbili tofauti, ila zimekaa jirani kwenye kromosomu moja, kama shanga mbili kwenye uzi. Ukivuta moja, na ya pili inakuja. Au huenda jeni hazihusiki kabisa: sifa zote mbili zimeletwa na shamba lilelile bovu.

Kazi mbili, au majirani?

Tuanze na sababu ya kwanza. Mwaka 2006, watafiti wa Iceland walitangaza jeni iitwayo TCF7L2, iliyoko kwenye kromosomu ya 10. Kuna namna moja ya jeni hii inayolifanya kongosho liwe zito kutoa insulini baada ya mlo, na hadi leo ndiyo mojawapo ya alama zenye nguvu zaidi za kisukari cha aina ya pili. Jeni hiyohiyo hufanya kazi katika ubongo unaokua. Mwaka 2011, watafiti wa Ulaya waliripoti kwamba namna hiyo inayoleta kisukari inaongeza pia, kwa kiasi kidogo, hatari ya skizofrenia. Hapo jeni moja inaonekana kuajiriwa sehemu mbili.

Sababu ya pili, ujirani, inaonekana wazi kwenye kromosomu ya 6. Mtaa mmoja wa kromosomu hiyo umejaa jeni za kinga ya mwili. Humo zimo zinazoamua kwa kiasi kikubwa nani atapata kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho mara nyingi huanza utotoni, kinga inapoliharibu kongosho. Na humohumo, mwaka 2016, watafiti wa Marekani waligundua kwamba jeni ya C4 inachangia skizofrenia, pengine kwa kuzidisha upogoaji wa viungo vya mawasiliano kati ya seli za ubongo. Ni maradhi mawili yenye anwani moja ya mtaa, lakini kila moja lina mlango wake.

Mfano mkali zaidi uko kwenye kromosomu ya 22. Watu wachache huzaliwa bila kipande chake kidogo chenye jeni kadhaa. Karibu mmoja kati ya wanne wao hupata skizofrenia, na kisukari cha aina ya pili huwafikia mapema kuliko watu wengine. Ni kile kipande cha rai, ila hapa kimepotea badala ya kuongezwa.

Msomaji anaweza kufikiri kesi imekwisha: kumbe ni damu. Ngoja kwanza.

Orodha mbili

Kufikia 2022, utafiti mkubwa wa skizofrenia ulikuwa umeorodhesha maeneo 287 ya vinasaba yanayohusika na ugonjwa huo. Kwa kisukari cha aina ya pili, utafiti uliochapishwa 2024 ulifikisha maeneo 611. Orodha ndefu hivyo haziwezi kukosa majina yanayofanana. Lakini zilipolinganishwa kwa jumla, si jina kwa jina bali uzito kwa uzito, uhusiano kati ya orodha hizo ulikuwa karibu na sifuri. Panapoonekana jeni inayosukuma maradhi yote mawili, kuna nyingine inayosukuma upande wa pili, nazo zinafutana.

Zaidi ya hapo, jeni za skizofrenia, zikichukuliwa kwa pamoja, humwelekeza mtu kidogo kwenye wembamba. Hapa ndipo mchunguzi anapokuna kichwa. Kama jeni zinavuta kwenye wembamba, mbona wagonjwa wengi wananenepa na kupata kisukari? Unene huo umetoka nje ya jeni. Sababu ya tatu, ya shamba, inasimama na kuinua mkono.

Shamba lilelile

Mfikirie kijana wa miaka 22, mwanafunzi wa chuo. Alianza kusikia sauti, akaacha masomo, akapelekwa hospitali na kupewa olanzapini. Sauti zimenyamaza. Miezi sita baadaye mama yake anamrudisha kliniki.

"Daktari, nashukuru, mtoto amerudi. Lakini anakula hashibi. Ugali wa watu watatu anaumaliza, halafu anauliza kama kuna mkate."

"Analala sana, mama?"

"Kulala tu, na soda. Angalia mshipi wake, nimetoboa matundu mawili mapya."

Matundu hayo mawili yanaeleza mengi. Olanzapini na klozapini hutuliza sauti kwa kuziba milango fulani ya ubongo, lakini huziba pia milango inayomwambia mtu kwamba ameshiba. Breki ya njaa inalegea, mafuta yanajaa tumboni, na seli zinaacha kuisikia insulini. Ongeza usingizi mzito, sigara, kukosa kazi, na chakula cha bei nafuu ambacho aghalabu ni wanga mtupu. Hakuna jeni inayohitajika kulieleza hilo.

Hata hivyo dawa si maelezo yote. Maudsley aliandika zaidi ya miaka 70 kabla ya dawa ya kwanza ya aina hii kuanza kutumika. Na mwaka 2017, watafiti wa London walipokusanya tafiti 16 za watu waliopata skizofrenia kwa mara ya kwanza, wengi wao wakiwa bado hawajaanza dawa au wamezitumia kwa muda mfupi tu, walikuta sukari na insulini zao tayari zimeanza kuyumba. Shamba huanza kuharibika mapema, pengine tumboni mwa mama. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, magharibi mwa Uholanzi ilikumbwa na njaa ya vita. Watoto waliotungwa mimba katika miezi hiyo, walipokuwa watu wazima, walipatwa na skizofrenia karibu mara mbili ya kawaida. Walioipitia njaa hiyo wakiwa tumboni, miili yao ilishindwa pia kuimudu sukari vizuri. Njaa haikubadilisha herufi za jeni zao. Ilibadilisha jinsi zinavyosomwa.

Mate ya Eldoret

Tafiti nyingi nilizotaja zimetegemea damu ya Wazungu, na hilo ni tatizo la kisayansi, si la heshima tu. Waliotoka Afrika zamani kuijaza dunia walikuwa wachache, kwa hiyo vizazi vyao vina vipande virefu vya vinasaba visivyochanganyika sana, na ni vigumu kujua shanga ipi ndiyo mkosaji na ipi ni jirani tu. Vipande vya Waafrika ni vifupi, vimekatwakatwa na vizazi vingi vya mchanganyiko. Mzalishaji wa ngano angeelewa mara moja: ukitaka kumtenga jirani mbaya, zidisha mazalisho.

Ndiyo maana Eldoret, saa chache kwa matatu kutoka Njoro, una nafasi ya pekee. Mji huo ulichangia washiriki wa AADM, utafiti wa kisukari kwa Waafrika, pamoja na Nigeria na Ghana, ambao mwaka 2019 ulitaja jeni mpya ya kisukari iitwayo ZRANB3 na kuthibitisha kwamba TCF7L2 ina nguvu kwa Waafrika pia. Chuo Kikuu cha Moi mjini humo kimeshiriki vilevile katika NeuroGAP, mradi wa Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini uliokusanya mate ya makumi ya maelfu ya watu, wenye skizofrenia na maradhi yanayokaribiana nayo kwa wasio nayo. Mshiriki hutemea kichupa, na mate yale hubeba vinasaba vyake vyote.

Kwa wazee wa posa

Waswahili husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa nyoka ni kweli. Kwa skizofrenia, mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10. Tisa kati ya kumi hawaipati. Hata kwa mapacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, mmoja akiugua mwenzake mara nyingi hubaki salama. Ukoo haujalaaniwa, na mjumbe wa posa anayerudi na neno "wazimu" ameleta habari nusu.

Nusu nyingine ndiyo inayookoa maisha. Watu wenye skizofrenia hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao, na wengi hawauawi na sauti bali na moyo na mishipa, ambayo kisukari huiharibu polepole. Katika utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2015, karibu watu 9 kati ya 10 walikuwa hawajawahi kupimwa sukari. Basi ukiwa na ndugu anayeanza dawa za akili, usimwachishe dawa. Omba apimwe sukari, uzito na kiuno siku ya kwanza, kisha tena baada ya miezi mitatu, kisha kila mwaka. Vikianza kupanda, muulize daktari kama dawa inaweza kubadilishwa au metformini, dawa ya kisukari, kuongezwa. Jeni zake hatuwezi kuzichagua. Tone moja la damu kwenye ncha ya kidole tunaweza kulidai leo.