Bia ya Tangawizi kwa Watoto: Jina, Hamira na Kipimo cha Alkoholi

Msemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi au Bukavu atajapo tangawisi, kwa neno hilo moja hukusudia kiungo na kinywaji kitokanacho nacho, wala hakuna adhaniaye kwamba kinywaji hicho, kikiwa kipya, chaweza kulevya. Bia ya tangawizi ni jambo jingine. Asili yake ni Uingereza, karne ya 18, ambako ilichachushwa majumbani na kutiwa katika chupa za udongo. Mwaka 1892 mtaalamu wa mimea Harry Marshall Ward alichapisha uchunguzi wa donge lililotumiwa kuichachusha, akaonyesha kuwa ndani yake hamira na bakteria huishi pamoja. Neno bia, basi, si pambo tu: alkoholi imo. Linalobaki kuulizwa ni kiasi chake, hasa wanywaji wakiwa watoto.

Hamira hula sukari na kutoa vitu viwili vyenye uzito unaokaribiana: alkoholi na gesi ya kaboni dioksidi. Povu la hamira lisilo na alkoholi halipatikani. Katika lita moja, gramu 12 za sukari zikiliwa zote hutoa takriban gramu 6 za gesi, zinazotosha kukifanya kinywaji kisisimue ulimi, na gramu 6 za alkoholi, yaani chini ya asilimia 1 ya ujazo. Lakini kwa ajili ya utamu, aghalabu hutiwa gramu 70 au zaidi kwa lita. Hizo zikiliwa zote, alkoholi hufikia kama asilimia 4, sawa na bia nyingi za viwandani. Kumbe utamu wa siku ya kwanza ndio ulevi wa siku zifuatazo.

Kwa sababu hiyo, anayewatengenezea watoto hana budi kuikatiza kazi ya hamira mapema. Kwa lita 4 za maji huchemshwa gramu 150 za tangawizi iliyokunwa pamoja na gramu 300 za sukari kwa dakika 15. Huachwa mpaka yawe vuguvugu, huchujwa, ndipo hutiwa maji ya ndimu mbili na robo kijiko cha chai cha hamira. Chupa ziwe za plastiki, kwani plastiki humwonya mpishi: ikiwa ngumu isibonyezeke kwa kidole, gesi imetosha. Katika joto la Lubumbashi jambo hilo huweza kutimia kabla ya siku moja kupita. Chupa ya kioo haionyi, hupasuka. Mara moja kinywaji hutiwa katika friji na kunywewa ndani ya siku chache, maana baridi huipunguzia hamira kasi tu, haiiui.

Umeme unapokatika mara kwa mara, njia hii haifai watoto. Hata tangawisi isiyotiwa hamira, ikikaa siku mbili au tatu katika joto, huanza kuchacha yenyewe. Watu wa Katanga wanalijua jambo hili kwa munkoyo wa mahindi, ambao ukiwa mpya hupewa watoto na ukikaa huwa mkali. Mwenye kutaka povu bila alkoholi yoyote achemshe tangawizi na sukari mpaka iwe nzito, aipoze, kisha aichanganye na maji ya soda wakati wa kunywa.