Piyesi ya asili haitoshi: gasheti ya bunduki moja kule Naviundu

Bunduki ililia magaribi, mbele ya nyumba, na hakuna kidole kilichogusa gasheti. Mzee alikuwa ametoka kuwinda upande wa Kasenga, amesimama anataka kutoa masasi. Akasukuma sirete, kile kizuizi kidogo kinachozuia bunduki isilie, na papo hapo ikalia. Risasi iliingia mu kichuguu pembeni ya lupango. Mjukuu wake alikuwa amepita pale na ndoo ya maji kitambo kidogo tu.

"Ile siku sikukula," anatuambia. "Bibi yangu aliniuliza: Papa, ulifinya? Nikamwambia hapana. Hakuamini. Na mimi pia, kama ni mtu mwingine angeniambia vile, singemwamini."

Mzee huyu anaikala Naviundu, mu komini Annexe. Jina lake hatuandiki, ameomba hivyo. Alitengeneza mashini mu atelier ya mgodi miaka mingi, na sasa amepumuzika. Anatumia mkono wa kushoto. Ku masomo walimupiga juu ya ule mkono, na nyumbani walimukataza kupana kitu nao, lakini tupa na nyundo havikukubali mkono mwingine. Njo maana alipopata ruhusa ya kuwinda alitafuta bunduki ya kushoto.

Juu ya nini bunduki ya kushoto

Bunduki yake si pupu, ile ya kujaza baruti kwa mbele, ambayo mafundi wetu wa vijijini wanaitengeneza. Ni bunduki ya kulase: kwa kila risasi unainua mkono wa chuma, unavuta nyuma, unasukuma mbele. Katika bunduki za kawaida ule mkono na tundu la kutupa maganda viko upande wa kuume. Mtu wa kushoto akiweka shavu ku mti wa bunduki, uso wake unakuwa upande ule ule wa tundu. Ganda likipasuka, moshi na moto vinamfuata yeye. Katika bunduki ya kushoto mambo yote yamegeuzwa, na sirete pia imewekwa upande wa kushoto, pale gumba lake linapolala.

Bunduki za namna hii ni chache. Viwanda vikubwa vya Marekani vilianza kuzitengeneza kwa wingi tu mwishoni mwa miaka ya 1950. Piyesi zake ni chache zaidi, na hapa Lubumbashi kuzipata ni kazi.

Taabu ya mzee ilianzia hapo. Gasheti ilikuwa nzito kwake, vidole vimechoka na kazi ya miaka. Fundi mmoja akamwambia: nitakuwekea ingine laini. Akaweka gasheti ya bunduki ya kuume, akatoboa mti kidogo ili iingie, akalegeza visi. Sirete sasa ikawa upande mwingine, gumba linapaswa kuvuka juu. Gasheti ya asili, mzee akaiweka mu kopo ya maziwa.

Waya mahali pa fizi

Watu wa mgodi wanajua jambo hili bila kufundishwa. Fizi ikikatika, mtu anaweka waya wa shaba, na taa inawaka. Kifungo cha kusimamisha mashini kikisumbua, mtu anakiruka na waya, na kazi inaendelea. Kila mtu anasema: unaona, inatembea! Ndiyo, inatembea mpaka siku ile.

Ndani ya gasheti kuna piyesi ndogo inayoshikilia nguvu ya resoro yote. Pua ya chuma kimoja inakaa juu ya pua ya chuma kingine, na mahali vinapogusana ni padogo sana. Unapofinya, pua ya chini inatoka, chuma cha kupiga kinaruka mbele, na bunduki inalia. Visi vinaamua pua zishikane namna gani na kidole kivute kwa nguvu gani. Kiwanda kinavipima, kisha kinavifunga na rangi au gundi ili mtu asiviguse. Fundi akilegeza ili gasheti iwe laini, pua zinashikana kwa ncha tu. Bunduki ikigongwa, au sirete ikitolewa, pua ya chini inateleza.

Mzee alipoelewa hivyo alisema: narudisha ile ya asili, mambo yanaisha. Hapo tulimuuliza swali ambalo hakulipenda: ile ya asili, wewe unaijua?

Ya asili pia ina historia

Huko Marekani kuna mfano mkubwa. Kampuni ya Remington ilikuwa inauza bunduki ya kulase, Model 700, tangu 1962. Gasheti yake ilitungwa na mhandisi wao Mike Walker, na ilikuwa na kachuma kadogo kasiko kufungwa ku gasheti yenyewe, kanashikwa na resoro tu. Watu walilalamika kwamba uchafu, kutu ao mafuta yaliyoganda vikiingia pale, kale kachuma hakarudi mahali pake sawasawa, na bunduki inaweza kulia bila kufinywa. Mu mwezi wa 10 wa 2000, kule Montana, mama mmoja alitoa sirete ili aondoe masasi. Bunduki ikalia, na mtoto wake wa miaka 9 akafa.

Televisheni ya CNBC ilionyesha katika 2010 kwamba Walker mwenyewe, tangu 1948, alipendekeza kizuizi cha kuongeza usalama. Bei yake ilihesabiwa senti 5 na nusu kwa kila bunduki. Hakikuwekwa. Kampuni ilikana siku zote kwamba gasheti ni mbaya, lakini ilikubali mapatano mbele ya tribinali: wenye bunduki karibu milioni 7 na nusu waliweza kuomba gasheti mpya ao malipo.

Na gasheti mpya nayo? Mu mwezi wa 4 wa 2014 kampuni hiyo iliita zirudi bunduki zenye gasheti ya X-Mark Pro, zilizotengenezwa tangu 2006, juu gundi iliyotumiwa kiwandani iliweza kuzidi na kufanya bunduki ilie yenyewe.

Bunduki ya mzee ni ya kampuni ingine, na hatusemi kwamba ina ubaya ule. Lakini somo ni moja: neno "asili" linakuambia piyesi ilitoka wapi. Halikuambii kama ni nzima.

Siku ya kujaribu

Mzee alipeleka yote kwa fundi wa silaha mwenye ruhusa ya serikali. Masasi yalibaki nyumbani, yamefungwa. Fundi akafungua kulase, akaangalia, akaingiza kidole mu tundu kuhakikisha ni wazi. Kisha akaweka gasheti ya asili. Iliingia vizuri, sirete ikarudi ku gumba la kushoto. Mzee akacheka kama mtoto.

Kisha fundi akaanza kujaribu bila risasi. Kufunga kulase kwa nguvu. Kuweka sirete, kufinya gasheti, kuachilia, kisha kutoa sirete. Kila mara chuma cha kupiga kinapaswa kubaki nyuma. Mara ya saba kikaanguka: ta!

Wakaifungua. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kama asali, na vumbi letu jekundu ndani yake. Wakasafisha, wakajaribu tena mara nyingi, haikuanguka. Lakini fundi aliangalia pua kwa kioo cha kukuza: ilikuwa imelika, imeviringana. Mzee akasema: "Leta tupa, nitainyoosha mwenyewe." Fundi akakataa. Chuma kile kimefanywa kigumu juu tu, kama ngozi. Tupa ikiondoa ngozi, ndani ni laini, na pua inaisha upesi. Mzee, mtu wa atelier, alijua ni kweli.

"Kitu kilichoanguka mara moja, Papa, kinaweza kuanguka tena," fundi alisema. "Siwezi kukurudishia kama ni nzima."

Mu nyumba zetu

Sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 inakataza kukaa na bunduki bila ruhusa, na ile ya tarehe 28 Mei 1982 inaongoza uwindaji. Mu parke ya Upemba na ya Kundelungu hakuna kuwinda. Mwenye karatasi zote, bado anabaki na kazi: masasi na bunduki visilale mu kabati moja, gasheti isiguswe na kila fundi, na mdomo wa bunduki usielekee mtu, hata sirete ikiwa imewekwa. Mzee yuko na mjukuu leo juu mdomo ulielekea kichuguu.

Leo bunduki yake iko kwa fundi, kulase imetolewa na imefungwa mahali pengine. Wanangojea gasheti mpya ya kushoto. Itakawia, na bei ni kubwa. Majira ya kuwinda yatapita.

"Yapite," mzee anasema. "Nyama iko ku soko."