Maji Kwanza, Biskuti Baadaye

Wiki iliyopita mpwa wangu, mwenye miaka tisa, aliandika orodha ya vitu vya safari yetu ya Sibiloi. Kwanza biskuti, pili kamera, tatu mpira. Maji hayakuwemo.

"Mbona umesahau maji?"

"Mjomba, si tunaenda ziwani?"

Nilicheka, lakini swali lenyewe ni zuri. Mbuga ya Kitaifa ya Sibiloi iko kaskazini mwa Kenya, kando ya Ziwa Turkana, ziwa la kudumu lililo kubwa kuliko yote ya jangwani duniani. Ukiliona kutoka mbali, kijani kabisa, utatamani kuinama unywe. Usithubutu! Maji yake yana magadi. Mito huingia humo, mkubwa ukiwa Omo utokao Ethiopia, lakini hakuna hata mmoja unaotoka. Jua na upepo ndivyo vinavyoyapunguza maji, na chumvi hubaki. Mwombe mama achemshe maji yenye chumvi kidogo mpaka yakaribie kukauka, kisha uonje tone moja. Utanielewa. Na mamba wa ziwa hilo sijawataja bado.

Basi tukapiga hesabu. Sisi ni watano, safari ni siku saba. Kila mtu lita 5 kwa siku, za kunywa na kupikia tu. Kuoga tutajua mbele ya safari. Jumla ni lita 175, yaani madumu tisa ya lita 20. La kumi tukaongeza kwa hofu yangu. Mpwa wangu alipofikiria madumu kumi garini, akaufuta mpira mwenyewe. Biskuti alizitetea mpaka zikabaki.

Kutoka Nairobi hadi Marsabit ni lami. Hapo tutajaza mafuta, maana mbele ni jangwa la Chalbi, tambarare iliyokuwa ziwa zamani sana. Likiwa kavu unapita vizuri. Ikinyesha, gari linazama kama kijiko kwenye uji. Ndiyo maana tunakwenda Agosti, magari mawili, kila moja na spea mbili na sepetu. Msafiri mwenye gari moja huko namwona mtu jasiri kupita kiasi.

"Taabu yote hiyo ya nini?" akauliza dada mkubwa wa mpwa wangu.

Ya miti ya mawe. Mamilioni ya miaka iliyopita, Sibiloi palikuwa na msitu. Miti ikaanguka, ikafunikwa na matope na majivu ya volkano. Maji yaliyoyeyusha madini yakapenya ndani yake polepole. Mbao ikaoza, madini yakashika nafasi yake, chembe kwa chembe. Leo magogo yamelala juani; nyuzi za mti bado zinaonekana, lakini ukiligusa gogo ni jiwe.

Hata huko jangwani mvua hunyesha mara mojamoja, ikaosha udongo na kufunua mifupa ya kale. Mwaka 1972, pale Koobi Fora, huko huko Sibiloi, Mkenya Bernard Ngeneo aliona vipande vya mfupa kwenye mteremko. Wengine wangepita tu. Vilikusanywa vipande zaidi ya 150, vikaunganishwa kwa subira, likatokea fuvu la kiumbe wa ukoo wetu aliyeishi karibu miaka milioni 2 iliyopita. Linaitwa kwa namba yake, 1470.

Sasa fikiria kama mtoto mmoja angepita kabla ya Ngeneo, akaokota vipande vitatu vizuri akavitia mfukoni.

Kwa hiyo nawe ukifika Sibiloi, ukaona kitu kama mfupa, usikiguse. Simama hapo hapo, umwite askari wa mbuga, na usiondoke mpaka aje.