Dizeli ya salfa kidogo: wenye malori ya zamani wachunguze pampu

Kuanzia Januari 2015, kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilitaka salfa katika dizeli isizidi sehemu 50 kwa milioni. Hatua hiyo hupunguza moshi mchafu, lakini malori ya zamani yanayosomba mazao kutoka Nabuyoga, wilayani Tororo, hadi Busia yanahitaji uangalizi.

Usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia utelezi wa asili wa dizeli, na pampu za zamani hulainishwa na dizeli yenyewe. Viwandani utelezi hurudishwa kwa kemikali maalumu. Anayechanganya mafuta ya taa huupunguza tena. Sili kuukuu za mpira nazo huweza kusinyaa, zikavuja.

Msafirishaji akague pampu, abadilishe sili na filta, na aepuke dizeli ya madumu. Nafuu yake hainunui pampu.