Mashindano ya kadi: Kwa nini mpinzani anaruhusiwa kunyamaza lakini haruhusiwi kudanganya

Katika mashindano makubwa ya mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, mchezaji anayesahau kutekeleza agizo lililoandikwa kwenye kadi yake mwenyewe anaweza kupoteza faida, kupoteza mchezo, na pamoja na hayo kupoteza fedha za zawadi. Mpinzani aliyeketi mbele yake, hata akiwa ameliona kosa hilo, hana wajibu wa kumkumbusha. Lakini mchezaji anayejifanya amesahau, ilhali anakumbuka vizuri, huondolewa mashindanoni.

Kanuni hiyo huwashangaza wengi wanaoisikia kwa mara ya kwanza. Yawezekanaje mtu aone kosa, anyamaze, na asihesabiwe kuwa mdanganyifu? Jibu lake limechukua miaka mingi kupatikana, na linagusa swali lililo pana kuliko meza ya kadi: ni wapi unapoishia wajibu wa mtu kwa mshindani wake?

Mtego unaofyatuka

Magic: The Gathering ulibuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kuanza kuuzwa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast. Wachezaji hununua, hukusanya na kubadilishana kadi, kisha kila mmoja hupanga kadi zake, kwa kawaida zisizopungua 60, na kukabiliana na mpinzani. Kila upande huanza na pointi 20 za uhai. Anayezimaliza za mwenzake ndiye mshindi.

Tofauti na karata za kawaida, kila kadi ya mchezo huu ina maandishi yake, na kadi za aina mbalimbali zilizokwisha kuchapishwa ni zaidi ya 20,000. Baadhi ya maandishi hayo huanza kwa neno lenye maana ya "wakati", "kila mara" au "mwanzoni mwa". Maneno hayo huashiria uwezo unaofanana na mtego wa porini: umetegwa, umetulia, na hufyatuka wenyewe tukio fulani linapotokea. Mwenye kadi hachagui kuufyatua. Kanuni ndizo zinazoufyatua.

Tatizo ni kwamba karatasi haina kengele. Mtego hufyatuka kwa mujibu wa kanuni, lakini mezani hakuna kinachotokea mpaka binadamu akumbuke kusema au kutenda. Katika siku ndefu ya mashindano, huku saa ikihesabu dakika za kila raundi, watu husahau, wakiwamo mabingwa.

Jini anayemdhuru bwana wake

Mfano mmoja unatoka katika toleo la Arabian Nights la Desemba 1993, lililochota visa vyake katika hadithi ambazo wasomaji wa Kiswahili wanazifahamu kwa jina la Alfu Lela Ulela. Ndani yake kuna kadi iitwayo Juzám Djinn, jini mwenye nguvu kubwa kwa gharama ndogo. Lakini jini huyo ana bei yake: kila zamu ya bwana wake inapoanza, humpunguzia bwana huyo pointi moja ya uhai.

Ikiwa mwenye jini anaanza zamu, anavuta kadi mpya na kuendelea kucheza bila kujipunguzia pointi, amekwepa madhara. Huenda amesahau kweli. Huenda pia anatumaini kwamba hakuna aliyeona. Kwa macho tu, vitendo hivyo viwili havitofautiani, na hapo ndipo kazi ya mwamuzi inapoanza.

Wakati inapohesabika kuwa umesahau

Jambo la kwanza ambalo mwamuzi hupima ni iwapo uwezo huo umesahauliwa kweli, au mchezaji amechelewa tu kuutaja. Kanuni za mashindano hutofautisha aina za uwezo kulingana na kile ambacho kila mmoja unamtaka mchezaji afanye.

Ikiwa uwezo unamtaka mchezaji achague shabaha, kama vile kadi ya Ravenous Chupacabra inayoangamiza kiumbe kimoja cha mpinzani pale inapoingia mezani, basi ni lazima autangaze na kutaja shabaha yake kabla ya kumwachia mpinzani nafasi ya kutenda.

Ikiwa uwezo unabadilisha kitu kinachoonekana, kwa mfano kuongeza pointi za uhai, mchezaji anatakiwa kuutaja au kuandika mabadiliko hayo kabla hajafanya tendo lolote ambalo lingewezekana tu baada ya uwezo huo kukamilika. Mwenye jini aliyekwisha kuvuta kadi ya zamu amevuka mpaka huo.

Ikiwa athari haionekani mara moja, kanuni humpa mchezaji muda zaidi. Kuna viumbe ambavyo huongezewa nguvu kidogo vinaposhambulia peke yake. Mwenye kiumbe halazimiki kulitangaza hilo papo hapo. Inatosha alidhihirishe pale linapoanza kuleta tofauti, yaani wakati madhara yanapohesabiwa. Akisema "tatu" badala ya mbili, amekumbuka. Akimwacha mpinzani aandike mbili na mchezo ukaendelea, amesahau.

Nani aamue hatua inayofuata?

Baada ya kuthibitika kwamba uwezo umesahauliwa, swali linalofuata ni iwapo urejeshwe. Katika mashindano ya ngazi ya juu, uamuzi huo kwa kawaida hukabidhiwa mpinzani. Yeye ndiye huulizwa iwapo anataka uwezo huo utekelezwe sasa au uachwe.

Mantiki yake ni nyepesi. Aliyesahau hapaswi kunufaika kwa kuchelewa kwake, kwani huenda tangu wakati ule ameona kadi mpya au amesoma nia ya mwenzake. Mpinzani naye hapaswi kuumizwa na uzembe ambao si wake. Ikiwa ni uwezo wa manufaa, mpinzani karibu kila mara atasema uachwe. Ikiwa ni jini anayeuma, atataka aume. Lakini ikiwa zaidi ya zamu nzima imepita, mwamuzi huwaagiza wachezaji waendelee, kwa kuwa mambo mengi yamekwisha kujengwa juu ya kosa hilo.

Zipo kadi ambazo kusahau kwake hakuna huruma. Pact of Negation, iliyotoka mwaka 2007, humruhusu mchezaji kuzuia tendo la mpinzani bila kulipa chochote wakati huo. Deni lake hudaiwa mwanzoni mwa zamu yake inayofuata, na asipolilipa hupoteza mchezo. Mchezaji anayeanza zamu na kuvuta kadi bila kukumbuka deni hilo anaweza kujikuta ameshindwa papo hapo, hata kama alikuwa na uwezo wa kulilipa mara mbili.

Onyo, na jambo zito zaidi

Kusahau uwezo wenye manufaa hakuna adhabu. Hasara yenyewe huhesabiwa kuwa inatosha. Kusahau uwezo ambao kwa kawaida humdhuru mwenyewe, kama ule wa Juzám Djinn, huleta onyo rasmi linaloandikwa katika kumbukumbu za mashindano, ili anayesahau mara kwa mara kwa faida yake aweze kutambuliwa.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Ili kutoa onyo, mwamuzi hutazama tabia ya kadi kwa jumla, wala si hali ya mchezo kwa wakati ule. Kadi ya Dark Confidant ya mwaka 2005 humpa mwenyewe kadi ya ziada kila zamu, lakini pia humpunguzia uhai kulingana na gharama ya kadi aliyoipata. Watu huitumia kwa sababu ya faida, kwa hiyo haihesabiwi kuwa ya madhara, hata kama mwenyewe amebakiwa na pointi moja tu na kadi hiyo inaweza kumwangamiza. Akisahau kweli, hapewi onyo. Lakini mpinzani akigundua kwa wakati, atachagua uwezo huo utekelezwe, na huo unaweza kuwa mwisho wa mchezo.

Akisahau kwa makusudi, suala linakuwa jingine kabisa. Mchezaji anayejua kwamba uwezo umefyatuka, anajua kwamba kuupuuza ni kinyume cha kanuni, na anaupuuza ili apate faida, amedanganya. Adhabu yake ni kuondolewa mashindanoni. Kabla ya kufikia uamuzi huo waamuzi huwahoji wahusika, hulinganisha maelezo yao na hupima kama aliyesahau alikuwa na sababu ya kutaka kusahau. Mwamuzi mkuu ndiye mwenye mamlaka ya kumwondoa mchezaji, na ndiye pia anayepokea rufaa dhidi ya maamuzi ya waamuzi wengine.

Waamuzi nao wamewekewa mpaka. Mwamuzi anayepita na kuona uwezo umesahauliwa haruhusiwi kuingilia, isipokuwa pale kosa linapostahili onyo au anaposhuku udanganyifu. Akimkumbusha mchezaji faida yake, atakuwa amemsaidia mmoja dhidi ya mwingine.

Kanuni ilivyobadilika

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa miaka mingi, wachezaji wote wawili walihesabiwa kuwa walinzi wa mchezo mzima, na mpinzani aliyeona uwezo umesahauliwa alitarajiwa kusema. Asiposema kwa makusudi, yeye ndiye aliyekuwa hatarini kuitwa mdanganyifu.

Nia ilikuwa njema, lakini matokeo yalikuwa na kasoro. Mchezaji makini alijikuta akifanya kazi mbili: kucheza kadi zake na kumkumbusha mwenzake kadi za upande wa pili, hata zile zitakazomshinda. Aliyekuwa makini zaidi ndiye aliyekuwa katika hatari zaidi, maana asiyeona chochote hakuwa na la kujibu. Katika mabadiliko yaliyokamilika mwaka 2012, wasimamizi waliamua kwamba kila mmoja abebe mzigo wa kumbukumbu yake.

Uamuzi huo haukufuta wajibu mwingine. Mchezaji bado analazimika kusema anapoona makosa ya aina nyingine katika mchezo wake, kwa mfano mpinzani kuvuta kadi nyingi kuliko anazostahili, na hata pale kosa hilo linapomnufaisha yeye. Vilevile haruhusiwi kumdanganya mwamuzi. Ruhusa ya kunyamaza inahusu jambo moja tu: uwezo wa mpinzani uliosahauliwa.

Wazo hilo si geni Afrika Mashariki. Katika mchezo wa karata maarufu nchini Kenya uitwao kadi, anayekaribia kumaliza karata zake hutakiwa kutamka "niko kadi". Akisahau kutamka, hawezi kufunga mchezo, na wala hakuna anayemlaumu aliyeketi kando yake kwa kutomkumbusha.

Mahali ambapo sheria hulegezwa

Ukali huu haufuatwi kila mahali. Kanuni za Magic zina ngazi tatu, na ya chini kabisa ni ile ya michezo ya kirafiki madukani, ambako watoto na wanaojifunza hukutana. Huko nako mpinzani halazimiki kukumbusha, lakini mwamuzi anaweza kuurejesha uwezo uliosahauliwa ikiwa hautavuruga maamuzi yaliyokwisha kufanywa. Ikiwa maandishi ya kadi yanasema mchezaji "anaweza" kufanya jambo, huchukuliwa kwamba amechagua kutolifanya.

Wachezaji nao wamebuni njia za kujisaidia. Iliyo maarufu zaidi ni kuweka dado juu ya rundo la kadi ambazo hazijavutwa. Mkono unapokwenda kuvuta kadi ya zamu, hukutana kwanza na dado, na akili hukumbuka. Kuandika wakati wa mchezo pia kunaruhusiwa, mradi karatasi ilikuwa tupu mwanzoni.

Kompyuta imeleta njia nyingine. Katika mchezo wa kidijitali wa Magic Arena, programu hufyatua kila uwezo kwa wakati wake na hakuna kinachosahauliwa. Fainali za dunia zilizofanyika Honolulu, Marekani, Februari 2020 zilichezwa kwa programu hiyo. Zawadi zote zilifikia dola milioni 1, na bingwa, Mbrazil Paulo Vitor Damo da Rosa, alipata dola 300,000. Hakuna mwamuzi aliyehitajika kuuliza nani amesahau nini.

Hata hivyo, kadi za karatasi zingali zinachezwa, na mjadala haujaisha. Wapo wanaoona kwamba ushindi uliopatikana kwa kunyamaza una dosari, na huchagua kumkumbusha mpinzani hata pasipo kulazimika. Kanuni haiwazuii. Wengine hujibu kwamba kumbukumbu ni sehemu ya ustadi, kama ilivyo kuhesabu au kubashiri. Pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja ambalo kanuni imelilinda bila kulegeza: kusahau ni udhaifu wa binadamu na una gharama yake, lakini kujifanya umesahau ni wizi.